Salle ya kambi ao depo ya simiti?

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama wa kambi, tutaanza na barua moja. Ilifika ku biro ya sendika yetu hapa Likasi wakati mvua ilikuwa inaisha. Mufanyabiashara mumoja anaomba kupanga ile salle yetu ya serkle ya zamani, aweke mule simiti na mabati yake. Anatoa feza ya miezi sita mara moja. Anaongeza kama atatengeneza mulango na kuweka kufuli mupya. Barua iliandikwa muzuri, na tampo chini.

Sisi madelege tulikuwa kenda ku meza. Saba tulikubali siku ile ile. Tunaandika huu ukweli juu kesho musiseme kama sisi ni watu wa kusema muzuri paka ku gazeti. Kisanduku cha sendika kilikuwa kitupu, tulikuwa na wajane wawili wa kusaidia, na ile salle munaijua vile iko: bati zimetoboka, viti hakuna, estrade imeliwa na muchwa upande wa kushoto. Mumoja wetu alisema: "Batu banalomba mayi na courant, shiye tunabachungia paka bintu bya kuchezea?" Tulicheka, tukapiga kura, tukaachana. Kilibakia kitu kimoja tu, sinyature ya prezida, na prezida alikuwa ameenda ku kilio Kamina.

Ile kilio ya Kamina njo iliokoa salle, maana siku kumi zilipita mbele prezida arudi, na mu zile siku kumi mambo yaligeuka. Tutafika hapo. Lakini kwanza turudi nyuma kidogo, juu vijana wetu wengi wanawaza kama ile nyumba ilijengwa kuwa magofu.

Sisi wa miaka makumi ine na kitu, tuliingiaka mule tukiwa hatuna hata viatu. Watoto tunakaa chini mbele kabisa, bababa nyuma ku viti, wamama pembeni na wadogo ku mugongo. Kulikuwa sinema, film za karate na za makauboyi, na mashine ikikatika salle yote inapiga miluzi. Kulikuwa kwaya wakati wa Noeli. Siku ya kumaliza foyer, wamama walipita ku estrade na nguo walishona wenyewe, na kila mume alipiga mikono kwa nguvu akiona wake anapita. Siku ya 1 mwezi wa tano fanfare ilitangulia, sisi nyuma yake na vumbi mu kinywa. Hakuna mutoto wa kambi aliulizwa ticket. Hatukujua kama ile ni kitu cha kulipiwa. Tuliwaza kama muziki inakuja yenyewe, sawa mayi ya robine.

Na mayi ya robine pia mutu alikuwa anailipia.

Union Minière ilianza kazi yake mu Katanga mwaka 1906. Miaka ya 1920 iliona kama mufanyakazi anayekuja peke yake na kurudi ku mugini kila mara anakula feza mingi kuliko yule anayekaa na muke wake na watoto. Ikajenga kambi. Nyuma ya nyumba na posho na lupitali na masomo, zikakuja serkle, foyer za wamama, fanfare, mupira, sinema. Mwaka 1957 kampani ikatoa na gazeti yake, Mwana Shaba. Wakati serikali ilikamata mali ya Union Minière, mwaka 1967, na nyuma jina likakuwa Gécamines, ile desturi ikaendelea. Wakubwa wetu wengi walijifunza kusoma partition ya muziki mbele ya kujifunza kuendesha gari.

Tusidanganyane: haikuwa mapendo. Mutu mwenye kupiga trompeti siku ya mungu hafikirie sana mushahara. Na wale wanaosema zamani ilikuwa paradizo, tunawakumbusha mwezi wa 12 mwaka 1941, wakati wafanyakazi wa Union Minière waligoma juu ya mushahara na bei ya vitu. Walikusanyika Elisabethville ku kiwanja cha mupira, askari wakawapiga risasi, na Léonard Mpoyi aliyesema kwa niaba yao akauawa pamoja na wenzake. Kile kiwanja kilijengwa juu ya kufurahisha wafanyakazi. Sisi wa sendika tukisikia kampani inasema "tunawaletea michezo na muziki", tunakumbuka kiwanja.

Lakini kuna upande mwingine wa ile historia, na huo ni wa wafanyakazi wenyewe. Muingie mu salon ya mufanyakazi wa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi mu miaka ya 1970. Ku ukuta, juu ya kiti cha baba, kuna picha ya rangi iliyopakwa ku nguo ya mufuko wa unga. Mara nyingi ni mamba muntu, yule mwanamuke wa mayi mwenye mukia ya samaki. Ao ni Colonie belge: mufungwa amelala chini, askari anamupiga fimbo, muzungu anasimama anaangalia. Wapakaji walizunguka kambi kwa kambi, picha chini ya kwapa, na wafanyakazi waliuza kwa mushahara wao. Hakuna musada wa serikali pale. Ni makuta ya mutu wa mine, ya mwalimu, ya karani.

Mumoja wa wale wapakaji alikuwa Tshibumba Kanda Matulu. Mwaka 1973 na 1974, kule Lubumbashi, alipaka historia ya inchi yetu yote kwa picha karibu mia moja, tangu wakati wa wankambo mpaka wakati wa Mobutu, na alizieleza moja moja kwa Swahili yetu kwa profesa Johannes Fabian, aliyeandika nyuma kitabu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 habari za Tshibumba hazikusikilika tena. Picha zake ziko Amsterdam, mu ile muze iliyoitwa zamani Tropenmuseum. Zinatunzwa muzuri, hatuna neno. Na wale wa mbele yake, Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga, na Bela aliyepaka na vidole, waliofundwa mu Hangar ya Pierre Romain-Desfossés pale Elisabethville tangu mwaka 1946? Mwaka 2015 kazi zao zilionyeshwa Paris mu ile maonyesho kubwa ya Beauté Congo. Mutoto wa Likasi akipenda kuona mukono wa nkambo yake, akaombe viza.

Ni vilevile na gitare. Mwenda Jean Bosco, yule Hugh Tracey alimurekodi hapa kwetu mwaka 1952, wakati muji ungali unaitwa Jadotville, alijulikana mpaka Nairobi. Ulizeni vijana kumi mu avenyu yenu ni nani. Tuliuliza. Wawili walijua, na mumoja wa wale wawili aliwaza ni muchezaji wa mupira.

Ile desturi ilivunjika wakati gani? Munajua ninyi wenyewe. Mwezi wa kenda mwaka 1990 mine ya Kamoto ilianguka. Mwaka uliofuata, pillage. Nyuma yake kutoa shaba kukashuka mpaka hatukuamini, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wa Gécamines walitoka mu ile walioiita départs volontaires. Mutu asiye na mushahara hauze picha. Mupakaji akaacha rangi, akakamata pelle, akaenda kuchimba heterogenite pamoja na wateja wake. Mupiga fanfare akauzisha trompeti. Na serkle zikabakia bila mwenyewe. Pahali pengine zikakuwa makanisa, pahali pengine maduka, pahali pengine choo cha watu wa kupita.

Kampani mupya zikakuja. Kazi ikarudi, wamoja wakapata mikate, ni ukweli. Lakini kampani mupya haijenge kambi na serkle. Inakamata mutu kwa kontra ya miezi tatu kupitia kampani ya sous-traitance, inamurudisha jioni na bisi, na ile anafanya nyuma ya saa kumi na mbili si mambo yake. Kwa upande fulani ni afazali, hatuko tena watoto wa baba mumoja. Lakini nafasi iliyoachwa na baba hakuna aliyeikamata. Komini haikuikamata, jimbo haikuikamata, na sisi sendika, tuseme ukweli, tulikuwa tunataka kuweka mule simiti.

Sasa turudi ku zile siku kumi.

Kambi yetu iko na kikundi cha teatre. Ni vijana kumi na wawili, wasichana watano mu kati. Wanacheza ku masomo, ku ndoa, pahali wanaitwa. Waliposikia kama salle inaenda, walikuja kuomba siku moja tu ya kuagana nayo. Tuliwapa siku ya posho. Hawakuwa na courant. Walifunga taa mbili za panneau ku mbao. Watu walileta viti vyao ku kichwa. Tulihesabu mpaka mia mbili, nyuma tukaacha kuhesabu, juu watoto walikuwa ku madirisha.

Walicheza kwa Swahili yetu, ile Mufwankolo na wenzake walituzoesha ku televizio ya Lubumbashi, yenye kuchanganya, yenye kuchekesha. Habari ilikuwa ya mufanyakazi wa sous-traitance. Anafanya zamu ya usiku, anaanguka ku ngazi ya concasseur, mukono unavunjika. Chef wake, kijana mumoja mwembamba na kofia ya mine inayomushuka mpaka ku pua, anamuambia: "Kontra yako inaisha ku mwisho wa mwezi. Ukisema ulianguka huku, inaisha leo. Sema ulianguka ku ngazi ya kwako." Salle ilicheka ile kofia mpaka wengine wakalia. Mufanyakazi anarudi ku nyumba. Muke wake anamufunga kitambaa, anamuuliza ilikuwa namna gani. Anasema: nilianguka ku ngazi. Muke ananyamaza, anaendelea kufunga, nyuma anauliza polepole: "Baba, mu nyumba yetu ngazi iko wapi?"

Kwanza watu walicheka. Nyuma kicheko kilikatika, upande wa bababa mbele, na salle yote ikanyamaza. Sisi tuliokuwa nyuma tulisikia bati zinalia na upepo.

Musikilize ile ilifuata. Mu mwaka mumoja, sendika yetu ilifanya semina mbili juu ya aksida za kazi. Tulibandika affiche. Tulieleza kama aksida ya kazi inapashwa kutangazwa, kama CNSS njo inabeba zile mambo, kama mutu wa sous-traitance ni mufanyakazi sawa wengine. Watu walikuja, walikunywa sucré, walisinyi liste, walirudi. Hakuna mutu hata mumoja aliyetuletea kesi. Siku tatu nyuma ya ile teatre, usiku, mutu alipiga hodi ku nyumba ya delege mumoja. Kesho yake wengine wawili. Ku mwisho wa juma walikuwa ine. Mumoja alikuwa na vidole viwili vilivyokatwa tangu miezi mitano, na muke wake njo alimuleta, alimushika mukono kama mutoto wa masomo. Tulimuuliza yule mama kwa nini sasa. Alijibu: "Shiye yetu nyumba pia haina ngazi."

Tuliandika madeklarasio ine. Yamepelekwa. Hatutasema hapa ni kampani gani, kesi iko mu njia, na tutawapasha habari.

Hapo njo tuliomba prezida asisinyi kwanza, na tukarudia kura. Haikuwa rahisi. Ilikuwa watano kwa wane, na wale wane si watu wabaya. Wanasema ile kila mutu anasema: lupitali haina dawa, mabanki ya masomo yamevunjika, kisima kimoja kwa avenyu ine. Nani atatoa franka ya muziki mbele ya hizi?

Mama mumoja wa komite ya wajane, aliyekuja paka juu ya musada wake, aliomba neno. Alisema: "Wakati bwana wangu alikufa hatukukuwa na unga mu nyumba. Lakini wamama waliimba usiku tatu. Kama mungelisema tungojee unga kwanza, ningelikuwa nimekwisha kuwa kichaa." Akakaa. Hatukupata jibu la kumupa, na hatulitafute.

Hatusemi watu wakunywe muziki. Kisima kiko ku numero ya kwanza ya ile tuliomba, na kitabakia pale. Tunasema kama feza ya salle si feza ya kisima, na mutu anayesema tuchague kimoja anatudanganya ku hesabu. Basi tufanye hesabu.

Code minier ya mwaka 2018 inasema mambo mawili yanayotuhusu. Ya kwanza: kampani inalipa redevance minière ku bei ya ile inauzisha, na kwa shaba ni 3.5 ku mia. Ile redevansi inagawanywa: 50 ku mia kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini ao sekteri ao chefferie pahali mine iko, na 10 kwa mufuko wa vizazi vya kesho. Kamateni shaba ya dola 100. Redevansi ni dola 3 na nusu. Sehemu ya komini ni santimu 52 na nusu. Inaonekana kidogo. Lakini hakuna kampani ya hapa inayouzisha shaba ya dola 100. Kwa shaba ya dola milioni 100, sehemu ya komini ni dola 525 000. Tole ya salle yetu, tuliyopimisha kwa fundi, haifike hata kidogo karibu na ile.

Ya pili: kila kampani inapashwa kuweka pembeni, kwa uchache, 0.3 ku mia ya chiffre d'affaires yake juu ya maendeleo ya wakaaji wa karibu. Dola 3 kwa kila dola 1 000. Ile feza inaongozwa na DOT, mule kampani na wakaaji wanakaa pamoja. Sendika haina kiti mule. Lakini wakaaji wa kambi wako nacho, na wakaaji wa kambi ni nani kama si ninyi, wake zenu, na wapangaji wenu?

Tumeuliza mu miji mingine vile wanaandika maombi yao. Masomo, santi, njia, mayi. Ni muzuri. Salle ya watu, vyombo vya muziki, maktaba ya watoto, hatukuona. Na haiko juu sheria inakataza. Constitution yetu, ku artikle ya 46, inasema kama haki ya utamaduni inalindwa, na kama serikali inachunga urizi wa inchi na kuuendeleza. Haikuandikwa mu maombi juu hakuna aliyeomba, na hakuna aliyeomba juu kila mutu aliwaza kama jirani yake atamucheka. Sisi pia tulicheka, munakumbuka.

Watu wa mine wa inchi zingine hawakuona haya. Kule Uingereza, sheria ya mwaka 1920 ililazimisha wenye mine za makaa kutoa peni moja ku kila tani inayotoka. Ile peni ilijenga bafu za wafanyakazi, viwanja, maktaba na masalle mu miji ya mine. Mu muji wa Ashington, mwaka 1934, wachimbaji waliomba mwalimu wa kuwafundisha juu ya picha; nyuma ya muda wakaanza kupaka wenyewe, mutu akitoka chini ya udongo anaoga, anakamata burosi. Walipaka ile walijua: wenzao, nyumba zao, kazi ya chini. Picha zao ziko leo mu muze ya Woodhorn, pahali pa mine ya zamani, mu muji wao wenyewe. Hazikuenda Amsterdam.

Kuna hatari moja, na madelege wane walituonyesha, tunawashukuru. Kama kampani ndiyo inatoa 0.3, itakubali vijana wacheze tena ile habari ya ngazi? Ao itawaomba wacheze ya namna ya kuosha mikono na kofia ya kazi, na ku mwisho wamushukuru Mkurugenzi? Tumeona ile ku siku za sikukuu. Kikundi kinapewa tishoti, kinaimba jina la kampani, kinapewa soda. Ni kazi, hatuwalaumu, njaa iko. Lakini ile si teatre ya watu, ni affiche yenye miguu.

Juu ya ile tunasema: salle iombwe ku feza ya komini, ile 15 ku mia, maana ile ni feza ya wote na komini inapashwa kujibu mbele ya wote. Ku DOT tuombe vitu vya kushikika paka mara moja: bati, viti mia mbili, panneau, basi. Vyombo vikifika havina tena jina la mutu. Na kuongoza kukae mu mukono wa komite ya kambi, wamama wawili, vijana wawili, mwalimu mumoja, sendika kiti kimoja tu, kampani hapana, chama cha politike hapana. Hesabu ibandikwe ku mulango kila mwezi. Mulango wa watoto uwe wa bure sawa wakati wetu. Mukubwa atoe kidogo, na yule hana aingie vilevile. Anayesimama ku mulango anajua majirani yake.

Musiwaze kama ku muji mukubwa mambo yako muzuri kuliko kwetu. Lubumbashi walijengewa teatre kubwa mu miaka ya 1950, ile tunaita Bâtiment du 30 Juin. Leo ni pahali wadepite wa jimbo wanakaa. Kuna wanaosema teatre ingali inaendelea mule, lakini sisi ni watu wa heshima. Muze iko palepale karibu, na ile Lubumbashi iko nayo tangu 1946 inastahili watoto wa masomo yote wapite. Kucheza na kuonyesha, mara nyingi, ni ku Halle de l'Étoile, na ile ni nyumba ya Wafaransa. Biennale ya Lubumbashi, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Sammy Baloji na wenzake, imeonyesha mbele ya dunia kazi za watoto wa huku. Baloji mwenyewe alikamata picha za zamani za wafanyakazi wa mine na kuzitia mbele ya mitambo iliyokufa, mutu akiona hawezi kusahau. Hata muze mupya ya Kinshasa, iliyofunguliwa mwaka 2019, ni Wakorea ya Kusini walitoa feza. Tunawashukuru wote. Lakini siku mugeni akibeba kiti chake, tutakaa chini.

Na kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni kilometre 120. Baba wa watoto watano, transpo ya kwenda na kurudi, chakula, hapana. Kama kitu kizuri kiko mbali vile, ni sawa hakiko.

Neno moja tena juu ya ile barua, juu tunajua kuna wanaosema: apange miaka miwili, nyuma tutakamata salle yetu. Wandugu, ile salle haina karatasi. Tumetafuta ku komini, tumetafuta ku cadastre, hatukupata jina la mwenyewe. Munajua vile inaendaka kwetu. Mutu anapanga, anatengeneza mulango. Nyuma anajenga ukuta, juu ya wezi, anasema. Nyuma anakuja na certificat d'enregistrement yenye jina lake, na ninyi munasimama inje na rese ya miezi sita mu mukono. Tumeanza kuomba karatasi kwa jina la kambi. Itakamata muda, na kila biro inaomba yake. Tukiwa na michango ya franka elfu moja kwa kila nyumba, dosye inaweza kusonga mbele ya mvua. Rese zinatolewa na mama wa komite ya wajane, kwa mutu mwingine musitoe.

Mufanyabiashara alirudi juma lililopita. Tulimukaribisha, tulimueleza. Hakukasirika. Aliongeza feza, ya miezi kenda sasa, na aliomba jibu la kuandika. Tulimuambia jibu litatoka kwa wakaaji wote, si ku meza ya watu kenda.

Mukutano wa kambi uko siku ya posho ijayo, saa kenda ya mangaribi, mu salle yenyewe. Kila mutu alete kiti. Wajumbe wa DOT wamealikwa, na burgumesta pia, mumoja amejibu. Vijana wa teatre watacheza mbele ya maneno kuanza, habari mupya, hawakutaka kutuambia ni ya nini. Wale wa zamu ya usiku, tumeomba bisi yao ichelewe nusu saa.